Kurudisha mwendo baada ya kiharusi: mwongozo kamili wa kazi ya nyumbani

Mchana mmoja huko Nyalenda, hapa Kisumu, nilimkuta mama mmoja ameketi kwenye kiti cha plastiki, binti yake mkubwa amechuchumaa mbele yake akimlisha ugali na sukuma. Mkono wa kulia wa mama, ule uliopigwa na kiharusi miezi minne kabla, ulikuwa umelazwa juu ya mto mapajani kama mtoto aliyelala. Nikamwomba binti aweke sahani juu ya stuli, karibu na mkono ule.

"Mama, hebu nitengenezee tonge," nikamwambia.

"Daktari, huu umekufa," akanijibu.

"Jaribu tu, mama."

Vidole vilikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha kidole gumba kikasogea, cha shahada kikakifuata, na ugali ukabonyea. Halikuwa tonge la kuliwa. Lakini binti alijishika mdomo, kwa sababu kwa miezi minne hakuna aliyeuona mkono ule ukisogea, na hakuna aliyeuona kwa kuwa hakuna aliyewahi kuuomba usogee.

Mimi ni fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo. Sehemu kubwa ya siku zangu hupita majumbani, kuanzia Nyalenda na Manyatta hadi upande wa Ahero, na haya ninayoandika ndiyo ningependa kila familia iyajue siku mgonjwa anapotoka wodini. Mengi yanamfaa pia mzee ambaye hakuugua kiharusi ila miguu imeanza kumwachia, nitafika kwake.

Kinachotokea ndani ya kichwa

Kiharusi ni damu kukatika kwenye sehemu ya ubongo, ama kwa sababu mshipa umezibwa na mgando wa damu au kwa sababu umepasuka. Seli zilizokufa pale hazifufuki. Ila ubongo haukugawanywa kama ploti zenye vigingi. Sehemu zinazopakana na kidonda zinaweza kujifunza kazi ya zile zilizokufa, mradi kazi hiyo iombwe kila siku.

Mtu aliyetufungua macho ni Mmarekani Edward Taub. Alifanya utafiti na tumbili waliokatwa neva za hisia za mkono mmoja. Tumbili hao waliacha kabisa kuutumia mkono huo, ingawa misuli ilikuwa mizima na amri ya ubongo ilifika. Walijaribu siku za mwanzo, wakashindwa, wakazoea mkono mwingine. Alipoufunga ule mkono mzima, ule ulioachwa ukaanza kufanya kazi. Taub akasema kwamba sehemu ya ulemavu ni mazoea ya kutotumia, na mazoea yanaweza kuvunjwa. Mwaka 1996, Randolph Nudo na wenzake wakaonyesha jambo hilo ndani ya ubongo wenyewe: tumbili waliopata kiharusi kidogo kwenye sehemu inayoongoza kiganja, kisha wakazoezwa kuchokoa chakula kutoka kwenye vishimo vidogo, hawakuipoteza ile sehemu ya ubongo iliyobaki ya kiganja. Wasiozoezwa waliipoteza.

Soma tena hapo: wasiozoezwa walipoteza hata kile ambacho kiharusi hakikuchukua. Ndiyo maana nasema huruma ya kumlisha mama kila mlo, kumvisha, kumchania na kumshikia kikombe inamgharimu. Binti yule wa Nyalenda alikuwa akifanya kwa mapenzi matupu, na hakuna aliyemwambia.

Sasa swali la kiasi. Mwaka 2009 Catherine Lang na wenzake walichapisha hesabu waliyoifanya kwenye vituo vya tiba ya viungo Marekani na Kanada, wakihesabu mgonjwa anarudia mara ngapi mwendo wenye maana wa mkono katika kikao kimoja. Wastani ulikuwa mara 32. Tumbili wa maabara walirudia mamia ya mara kwa siku. Nilipoisoma hesabu hiyo nilikumbuka miaka yangu ya kwanza kazini, nilivyokuwa nikiwaambia familia, "Mfanyisheni mara kumi asubuhi na mara kumi jioni," kisha naondoka nikiamini nimewasaidia. Mara ishirini kwa siku. Wapo watu ambao ningewatendea vizuri zaidi, na bado nawawaza.

Hata hivyo wingi peke yake hautoshi. Lang huyohuyo alirudi mwaka 2016 na jaribio la watu 85 waliokuwa wamepita miezi sita tangu kiharusi, akawapa viwango tofauti vya marudio, na waliorudia mara nyingi zaidi hawakuonekana kupona kuliko wengine. Mimi nimejifunza hivi: hesabu inatuzuia kujidanganya kwamba tumefanya kazi, lakini kazi yenyewe lazima iwe na maana kwa mgonjwa, iwe ngumu kidogo kuliko jana, na itoke kwenye zoezi iingie kwenye maisha.

Jambo moja zaidi ambalo familia inastahili kuambiwa wazi. Nchini India lilifanyika jaribio kubwa, likachapishwa mwaka 2017, la wagonjwa 1,250 katika hospitali 14. Jamaa walifundishwa hospitalini wamzoeze mgonjwa wao nyumbani. Baada ya miezi sita, hali ya wagonjwa hao haikuwa tofauti na ya wale waliopata huduma ya kawaida tu. Kwa hiyo usiutumie mwongozo huu badala ya fizio. Mtafute, awe na leseni, aje au uende kwake hata mara moja kwa wiki mbili, atazame mgonjwa alipofika na abadilishe zoezi. Familia inayorudia zoezi lilelile miezi sita inachoka bure.

Kabla ya zoezi lolote

Siku ya kwanza usikimbilie kumsimamisha. Jaribio liitwalo AVERT, lililotoka mwaka 2015 likiwa na wagonjwa 2,104, liliwatoa watu kitandani mapema sana ndani ya saa 24 za mwanzo na kwa wingi, na waliofanyiwa hivyo walipona vibaya kidogo kuliko wengine. Siku hizo za kwanza ni za daktari. Kinachofaa ni vipindi vifupi vilivyotawanyika mchana.

Akishafika nyumbani, angalia kumeza kwanza. Akae wima, miguu ikiwa sakafuni, apewe maji kijiko kimoja. Akikohoa, sauti ikawa na majimaji, au maji yakitoka kwenye kona ya mdomo, usiendelee, mrudishe akapimwe. Kamwe usimlishe akiwa amelala. Uji unaoingia kwenye mapafu huleta nimonia, na nimonia inaua wagonjwa wa kiharusi.

Kisha bega. Hili nalisema kwa nguvu zote nilizo nazo: usimvute kwa mkono dhaifu. Misuli iliyokuwa ikishikilia mfupa wa mkono kwenye kikombe cha bega imelegea, na mvuto mmoja wa kumwinua kitandani au kumpandisha tuktuk unaweza kuuteremsha mfupa na kuacha maumivu yatakayozuia mazoezi kwa miezi. Usimwinue kwa kumshika makwapani pia. Mfunge leso imara kiunoni, au mkanda mpana, ushike hapo. Anapoketi, mkono uegemee mto au meza. Anapovaa, mkono dhaifu uingie kwanza. Anapovua, utoke mwisho.

Asiyeweza kujigeuza kitandani ageuzwe kila saa mbili, mchana na usiku, na mgongo wa chini, nyonga na visigino vikaguliwe kila siku. Wekundu usiofifia ukiubonyeza ni mwanzo wa kidonda.

Na presha. Dawa zinamezwa kila siku, hata mashine ikisoma vizuri, kwa sababu inasoma vizuri kutokana na hizo dawa. Nimekutana na watu wengi waliopata kiharusi cha pili kwa sababu mtu aliwaambia presha imeshuka kwa hiyo waache. Mashine ikionyesha 180 juu au 110 chini, hakuna zoezi siku hiyo. Piga simu kliniki.

Kuna la nyumbani kwetu ambalo vitabu vya ng'ambo havina. Kwenye familia nyingi za huku, za Wajaluo na za Waluhya, mkwe na mkwewe hawashikani. Mume wa binti hawezi kumbeba mama mkwe, na mke wa mwana hamwogeshi baba mkwe. Nimeona zamu zilizopangwa vizuri kwenye karatasi zikikwama kimyakimya kwa sababu hiyo, mgonjwa akikaa siku nzima bila kusimamishwa na hakuna aliyesema kwa nini. Ulizeni mapema nani anaruhusiwa nini. Mkwe anaweza kuhesabu, kuandika daftari, kupika uji. Kushika kiuno kufanywe na mwana, dada au mjukuu.

Kusimama kutoka kitini

Kama ningeruhusiwa zoezi moja tu kwa mgonjwa wa kiharusi na kwa mzee, ningechagua hili. Choo, kitanda, tuktuk na kiti cha kanisani vyote vinahitaji mwendo huu.

Chukua viti vitatu vya plastiki vya aina moja, uvipange kimoja ndani ya kingine, uviegemeze ukutani mahali pasipoteleza. Viti vitatu vinatoa kiti cha juu, na kiti cha juu ni rahisi kuinukia. Akipata nguvu, ondoa kimoja. Wiki zikipita, ondoa cha pili. Ngazi hiyo haina gharama.

Aketi kwenye ukingo wa mbele wa kiti, asiegemee nyuma. Nyayo zote mbili sakafuni, zimerudishwa nyuma kidogo ya magoti. Mguu dhaifu urudi nyuma kidogo kuliko ule mzima, maana ukiuacha mbele, mguu mzima utafanya kazi yote. Mikono aikutanishe mbele, ule mzima ukiushika ule dhaifu. Sasa ainame mpaka pua ipite juu ya vidole vya miguu. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa: wanaogopa kuanguka mbele, kwa hiyo wanajisukuma kurudi nyuma na makalio hayanyanyuki. Wewe simama upande wake dhaifu, mkono wako kwenye leso ya kiunoni, goti lako likilinda goti lake lisikunjike. Mwambie, "Pua mbele, kisha juu." Usimwinue. Msubiri. Kusubiri kunachosha kuliko kuinua, na ndiko kunakofundisha.

Akishasimama, ahesabu hadi tatu, uzito ukiwa kwenye miguu yote miwili. Ili kujua kama anauegemea mguu dhaifu, tazama mkanda au pindo la rinda: likilalia upande mmoja, uzito uko huko. Kisha aketi polepole, bila kujiangusha. Kushuka polepole ndiko kunakojenga paja.

Anza na mara tano, apumzike, mara tano tena. Tawanya mchana kutwa: kabla ya chai, kabla ya kila mlo, kabla ya habari za saa moja. Mimi hulenga hamsini kwa siku ndani ya mwezi mmoja au miwili kwa anayeweza, na wengi huweza.

Choo cha shimo ni kikwazo cha kweli. Fundi wa mbao anaweza kutengeneza kiti chenye tundu katikati kinachokaa juu ya shimo, chenye mikono miwili ya kushikia, na kamba nene au mpini ukutani upande wa mkono mzima. Mtu anayekwenda choo mwenyewe amepata zoezi mara kadhaa kwa siku, na amepata heshima yake.

Mkono

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mkono ndio unaokatiwa tamaa mapema.

Kwanza acha mpira. Karibu kila nyumba nakuta mgonjwa amepewa mpira abonyeze. Mkono wa kiharusi kwa kawaida hauna shida ya kufumba. Unajikunja wenyewe hata usiku. Kinachokosekana ni kufungua, kunyoosha kifundo na kuachilia. Kwa hiyo mazoezi yangu mengi yanaanza na kushika kitu na kuishia na kukiachia mahali panapotakiwa.

Kama mkono hausogei kabisa, tumia kioo. Nunua kioo cha ukutani cha kadiri, kama vile vinavyouzwa soko la Kibuye, ukisimamishe mezani katikati ya kifua, sura yake ikitazama mkono mzima, na mkono dhaifu ufichwe nyuma yake. Mgonjwa akitazama kioo anaona mikono miwili mizima. Afungue na kufumba mkono mzima polepole, ageuze kiganja juu na chini, aguse kidole kimoja kimoja kwa gumba, huku akijaribu kufanya hivyohivyo kwa ule uliofichwa. Dakika ishirini hadi thelathini kwa siku, kwa wiki nne au zaidi, mahali patulivu bila redio. Mapitio ya mwaka 2018 yaliyokusanya majaribio 62 yaliona kwamba kioo kinasaidia mwendo wa mkono na shughuli za kila siku, na kwa baadhi ya watu kinapunguza maumivu. Wengine hutokwa na machozi mara ya kwanza. Waache walie, kisha waendelee.

Kama bega na kiwiko vinasogea kidogo, weka mkono juu ya kitambaa kwenye meza laini, akisukume mbele hadi kiguse kikombe, akirudishe. Kikombe kisogee sentimeta moja mbele kila siku mbili tatu. Kikombe chenyewe ni muhimu: mkono unaoelekea kwenye kitu unakwenda vizuri zaidi kuliko unaosogea hewani kwa kuhesabiwa.

Vidole vikianza kusogea, jikoni kwetu ni kliniki. Tonge la ugali linataka kubana, kuviringisha na kubonyeza kwa gumba, mara thelathini katika mlo mmoja. Ale nusu ya mlo kwa mkono dhaifu, hata kama ugali utapoa. Kupukuchua mahindi ndilo zoezi ninalolipenda kuliko yote. Mkono mzima unashika hindi, gumba la mkono dhaifu linasukuma punje, safu kwa safu. Hindi moja lina mamia ya punje. Hakuna mtu wa kwetu aliyelelewa shambani atakayeniuliza zoezi hili ni la nini, na mwisho wake kuna kitu cha kupeleka posho-mill. Baada ya hapo kuna kuchambua mchele au maharagwe, kukunja leso, kubana nguo kwenye kamba kwa vibanio, kufungua na kufunga mfuniko wa chupa. Chagua kile alichokuwa akifanya. Mzee aliyekuwa mvuvi pale Dunga nilimpa wavu auguse, na mikono yake ikakumbuka kabla yeye hajakumbuka.

Halafu kuna soksi. Mbinu ya Taub ya kuuzuia mkono mzima ilijaribiwa Marekani kwa watu 222 waliokuwa na miezi mitatu hadi tisa tangu kiharusi, matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Kwa wiki mbili walivaa glavu nene kwenye mkono mzima karibu muda wote wa kuwa macho, na siku za kazi wakazoezwa kwa saa nyingi. Waliboreka kuliko waliopata huduma ya kawaida, na nafuu ilidumu mwaka mzima. Nyumbani tunapunguza: soksi nene mkononi kwa saa mbili asubuhi na moja jioni, huku akifanya kazi alizopangiwa kwa mkono dhaifu. Lakini si kwa kila mtu. Lazima aweze kuinua kifundo kidogo kutoka mezani na kufungua angalau gumba na vidole viwili, kiasi cha kuokota kitambaa na kukiangusha. Asiyeweza atakata tamaa tu. Na soksi inavuliwa anapotembea, anapokaribia jiko, anapooga na anapokwenda choo, kwa sababu akiteleza atahitaji mkono wa kujishikia.

Kuhusu kukandwa kwa maji moto na dawa za miti shamba, sina ugomvi na nyanya anayefanya hivyo. Kukandwa kunatuliza na kunamfanya mgonjwa aguswe kwa upendo. Ila hakurudishi amri ya ubongo, na mkono uliopoteza hisia huungua bila mwenyewe kujua. Maji yapimwe kwa kiwiko cha anayekanda, na mkono usinyooshwe kwa nguvu.

Kutembea

Familia nyingi huniuliza kama wauze ng'ombe wapeleke mgonjwa Nairobi kwenye mashine. Jaribio la Marekani la mwaka 2011, lenye watu 408, lililinganisha mashine ya kutembelea yenye mikanda ya kumning'iniza mgonjwa na mazoezi ya nguvu na ya mizani ya mwili, yaani kusimama bila kuyumba, yaliyofanywa nyumbani pamoja na fizio. Baada ya mwaka mmoja, makundi yalikuwa sawa, na takribani nusu ya watu wote walikuwa wamepanda daraja la uwezo wa kutembea. Roboti za mkono nazo zilijaribiwa Uingereza kwa watu 770, matokeo yakatoka mwaka 2019: hazikuwashinda wale wa huduma ya kawaida. Msiuze ng'ombe.

Fimbo inashikwa kwa mkono mzima. Fimbo mbele, mguu dhaifu, kisha mguu mzima. Kwenye ngazi au kizingiti, mguu mzima hutangulia kupanda na mguu dhaifu hutangulia kushuka. Viatu viwe vya kufunga nyuma. Malapa yanaburuzika na kumwangusha. Kama ncha ya mguu inakwaruza ardhi, fizio anaweza kumpatia kifaa cha kushikilia kifundo.

Pima. Piga hatua uwanjani, uweke mawe mawili mita 10 mbali, uhesabu kwa simu sekunde anazotumia kwa mwendo wake wa kawaida. Akitumia zaidi ya sekunde 25, bado ni mtu wa kutembea ndani ya nyumba. Akikaribia sekunde 12, anaweza kwenda sokoni na kuvuka barabara. Katikati hapo aende hadi kwa jirani akiwa na mtu. Pima kila Jumapili, saa ileile, kwa viatu vilevile.

Mzee asiye na kiharusi

Tumezoea kusema "ni uzee" na kumtafutia mzee kiti kivulini. Mwaka 1990 Maria Fiatarone alichapisha kazi aliyoifanya Boston na wakaazi kumi wa nyumba ya wazee, wenye umri wa wastani wa miaka 90. Kwa wiki nane waliinua uzito mzito kwa miguu. Nguvu ya paja iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na baadhi waliacha fimbo. Watu wa miaka tisini.

Kutoka New Zealand tuna mpango wa Otago, uliobuniwa kwa ajili ya wazee walio nyumbani: mazoezi ya nguvu na mizani mara tatu kwa wiki, na kutembea siku nyingine. Ulipunguza kuanguka kwa karibu theluthi moja. Kwetu nauweka hivi. Kusimama kutoka kitini kama nilivyoeleza. Kunyoosha goti akiwa ameketi, soksi yenye nusu kilo ya mahindi ikiwa imefungwa kifundoni, akiongeza taratibu hadi kilo mbili, sawa na pakiti ya unga. Kupanda juu ya vidole huku ameshika meza. Kusimama kwa mguu mmoja, mikono ikiwa karibu na meza bila kuishika, sekunde kumi kila mguu. Kutembea kisigino kikigusa vidole, kando ya ukuta.

Mpime kwanza: aketi, ainuke, atembee mita 3, ageuke, arudi, aketi. Akitumia sekunde 12 au zaidi, yuko kwenye hatari ya kuanguka. Weka taa njia ya choo usiku, ondoa mkeka unaojikunja mlangoni, na muulize daktari kama kuna dawa inayompa kizunguzungu anapoinuka.

Anapokataa

Karibu mmoja kati ya watu watatu hupata sonona baada ya kiharusi. Kwetu huonekana kama ukaidi, "Mzee amekuwa mgumu," au hukumu kwamba amerogwa. Asiyetaka kuamka, asiyetaka wageni, anayelia bila sababu, huyo anahitaji daktari, na dawa zipo. Uchovu nao ni wa kweli. Ubongo unaojifunza hulala sana. Panga mazoezi asubuhi na baada ya usingizi wa mchana, wala usimwite mvivu mbele ya wajukuu.

Utasikia pia kwamba baada ya miezi sita mlango umefungwa. Ni kweli kwamba kasi ya kupona ni kubwa miezi ya kwanza. Lakini kliniki moja ya London iliripoti mwaka 2019 juu ya wagonjwa 224, wengi wao wakiwa wamekaa na kiharusi kwa zaidi ya mwaka, waliozoezwa mkono kwa saa 90 ndani ya wiki tatu. Waliboreka, na miezi sita baadaye bado walikuwa na nafuu yao.

Simamisha zoezi ukiona maumivu ya kifua, kukosa pumzi, degedege, au mguu mmoja umevimba na kuuma nyuma, chini ya goti. Na uso ukishuka upande mmoja, mkono ukilegea ghafla au maneno yakivurugika, tazama saa, uandike, mpeleke hospitali yenye skani ya kichwa wakati huohuo. Dawa ya kuyeyusha mgando kwa kawaida ina dirisha la saa nne na nusu, na daktari wa kwanza atakayekupokea atauliza ilianza saa ngapi.

Daftari

Nunua daftari la kurasa 32 na kalamu iliyofungwa kamba. Safu ya tarehe, presha, mara za kusimama, kazi ya mkono, sekunde za mita 10 kila Jumapili. Ukienda kliniki, iwe Russia, yaani hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga hapa Kisumu, au kituo cha afya cha karibu, lifungue mbele ya daktari.

Lile la Nyalenda huandikwa na mjukuu wa darasa la sita, anayemwita nyanya yake "dani" kwa Kijaluo, kwa mwandiko mkubwa. Mara ya mwisho nilipolishika lilikuwa limelowa mchuzi pembeni, na ukurasa wa Jumatano ulisema: "Kusimama 46. Mahindi mawili. Matonge 11. Dani amekula mwenyewe, vyombo vimeoshwa saa tatu usiku."